Neno Aliloliuliza Daktari

Masama, 14 Machi 1993

Mwanangu Kindness,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tunalala na kuamka kwa neema ya Mungu. Mvua imeanza vizuri, migomba ya upande wa mfereji imenyanyuka. Kahawa ni ile ile, bei imekufa, na jirani zetu wanang'oa mibuni ili wapande nyanya. Ng'ombe amezaa dume. Pamela, mke wa mdogo wako Ezra, hajambo, na mtoto wao ameanza kukaa. Jino lako limepoa, au bado unalifunga kitambaa?

Kaburi la mwanangu Elimringi lilititia kidogo kwa mvua. Nimelijazia udongo mwenyewe.

Sasa nisikilize. Tangu urudi Songea baada ya mazishi, kuna jambo limetokea hapa. Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, mzee Efraimu wa ukoo aliingia uani kwangu pamoja na Ezra. Ezra alikuwa ameshika sale. Unajua mwenyewe, jani lile likiletwa mlangoni kwako na mtu aliyekukosea, halikataliwi, hata kama kosa ni damu. Nilishtuka. Nikamwambia, "Ezra, unaomba msamaha wa nini? Mwenzako kauawa na mlima."

Akapiga magoti kwenye majani ya ng'ombe. Akasema, "Mama, tulipofika kambi ya Baranko, Elimringi alikuwa anakohoa, pumzi inamkata. Kati ya wageni wetu alikuwemo mama mmoja daktari. Alimtazama, akaniuliza kwa Kiingereza, Can he stand it? Mimi nikasikia anauliza kama anaweza kusimama. Nikamwambia Elimringi, simama. Akasimama. Nikamjibu yule mama kwamba ndiyo, anaweza. Tukaendelea naye hadi kambi ya juu, na huko ndiko alikozidiwa. Ningelijua neno, tungemshusha siku ile ile."

Maneno hayo ya Kiingereza Pamela ameniandikia kwenye karatasi, nami nimeyanakili hapa herufi kwa herufi.

Sale sijalipokea. Nimemwomba mzee Efraimu anipe nafasi ya kufikiri, naye amekunja uso, lakini amekubali. Mwanangu alitoka hapa mzima. Alikunywa mtori, akabeba begi lake, akaondoka na Ezra kwenda kupandisha wageni mlimani kama siku nyingine zote. Kwa hiyo niambie wewe unayefundisha lugha hiyo: neno lile lina maana gani? Na mtu anaweza kulikosea hivyo? Kabla sijasamehe nataka kujua ninachosamehe.

Mama yako mdogo,
Eliaichi


Songea, 2 Mei 1993

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Usinihesabie kuchelewa. Barabara ilikatika kwa mvua, na barua yako ilifika imelowa, ikakaa ofisini kwa mkuu wa shule mpaka karani alipokumbuka kunipa. Jino nililing'oa. Huku mahindi yamekomaa, na wanafunzi wanatoroka vipindi kwenda kuvuna kwao. Mpe Pamela salamu zangu, na mtoto umbusu.

Nimeisoma barua yako nikiwa chumba cha walimu, nikaikunja, nikaenda kuisomea nyumbani.

Neno stand, mama, maana yake ya kwanza ni kusimama, na hilo kila mtoto wa darasa la tano analijua. Mwalimu akiingia darasani, anasema stand up. Lakini Waingereza wana matumizi ya pili ya neno lilo hilo. Humaanisha kuvumilia, kustahimili. Mtu akichoka na makelele husema, I can't stand this noise, yaani makelele haya siwezi kuyavumilia. Kwa maana hii ya pili neno hupenda kukanushwa au kuulizwa. Mtu hasemi tu kwamba anavumilia baridi. Husema hawezi kuivumilia, au huulizwa kama ataweza. Halafu lazima kitajwe kile kinachovumiliwa, ndiyo maana yule daktari aliweka kale kaneno kadogo, it, mwishoni. Kaneno kale ndiko kanakogeuza maana. Bila hako, anauliza kama mtu anaweza kusimama. Akiwa nako, anauliza kama ataivumilia hali ile.

Basi daktari aliuliza hivi: Je, atavumilia?

Kuhusu kukosea, wanafunzi wangu wa kidato cha nne hulikosea kila mwaka, na wengine ni werevu sana. Mama, nakuomba, lipokee sale. Ezra amekulia mikononi mwako. Mama yetu alipofariki, ni wewe uliyetulisha, na Elimringi na yeye walilala kitanda kimoja. Hapana mtu aliyempenda Elimringi kuliko yeye.

Mwanao,
Kindness


Masama, 20 Juni 1993

Mwanangu Kindness,

Marahaba. Nashukuru kwa barua. Hapa baridi imeanza, mlima haujaonekana wiki nzima, na heri usionekane. Yule ndama amekufa kwa kuhara. Umoja wa akina mama kanisani wamenichagua tena kuwa mwenyekiti. Nilikataa, wakapiga makofi, ikawa basi.

Umenieleza vizuri, kama mtu aliyesimama mbele ya ubao. Lakini nilikuuliza mambo mawili. La kwanza umelijibu ukurasa mzima, la pili umelipitia kando. Sikuuliza kama wanafunzi wako hukosea. Niliuliza kuhusu Ezra.

Nitakuambia kwa nini nakazania. Filemon, yule mwongozaji mkuu wao wa mlimani, alipita hapa kunipa pole, kwa kuwa wakati wa mazishi alikuwa mlimani na wageni wengine. Nikampa ndizi, akala. Nikamwambia, "Kumbe kifo cha mwanangu ni cha neno la Kizungu." Hakunielewa. Nilipomsimulia, aliweka kijiko chini, akasema, "Mama, Ezra? Ezra ndiye anayetutafsiria sisi sote. Wageni wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, yeye anacheka wakati mmoja nao. Neno hilo tunalisikia kila safari, baridi hii siwezi, choo hiki siwezi." Halafu akainuka kama mtu aliyejikwaa. Akaaga upesi.

Tangu siku hiyo silali. Kama Ezra alilijua neno, kwa nini amepiga magoti uani kwangu na kusema hakulijua? Anaficha nini? Kazi ya mlima ameiacha. Siku za soko anashuka Sanya Juu, anadai anauza maharage, anarudi ananuka pombe ya mbege, na mfuko mtupu. Nikimwita, anaitika akiwa mbali.

Nijibu, Kindness. Ezra alilijua neno hilo au hakulijua? Neno moja linatosha.

Mama yako mdogo,
Eliaichi


Songea, 8 Agosti 1993

Mama mdogo,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ingawa malaria ilinilaza kidogo. Poleni kwa ndama.

Nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana. Nilitarajia utachoka kuniuliza.

Alilijua, mama. Nilimfundisha mimi, jikoni kwako, nilipokuwa nikija likizo. Akiwekewa mtori asioutaka, alikuwa anasukuma bakuli na kusema, I can't stand it, nasi tunacheka, na wewe unacheka bila kujua anatukana chakula chako. Hawezi kuwa alilisahau.

Kwa nini amekwambia vingine, sijui. Nimemwandikia, hajibu. Nakuomba kitu kimoja tu. Usimhukumu mpaka aseme mwenyewe. Mtu hajitii ujinga bila sababu, hasa Ezra, ambaye Kiingereza chake ndicho kitu pekee alichokuwa akijivunia.

Nitakuja Krismasi.

Kindness


Masama, 3 Oktoba 1993

Kindness,

Barua yako ilifika. Nilimwita mzee Efraimu na wazee wengine wa ukoo, nikamwita na Ezra. Nikamuuliza mbele yao, "Neno lile ulilijua?" Akatazama chini. Nikamuuliza tena. Akasema, "Nilishasema, mama." Nikamwambia mtu anayeleta sale huku amebeba uongo anamtukana marehemu. Nikalikataa.

Najua halikataliwi. Wazee wameniambia nitajiletea mkosi. Nimewaambia mkosi wangu umeshazikwa pale chini ya migomba.

Ezra ameondoka. Nasikia yuko Moshi mjini, Njoro, amejishikiza kwa rafiki yake mchomelea vyuma. Pamela amebaki na mtoto. Simfukuzi, hana kosa.

Usiniandikie kumtetea.

Eliaichi


Songea, 16 Januari 1994

Mama yangu mdogo,

Shikamoo. Nilifika salama, ila basi liliharibika Makambako tukalala njiani. Ndizi ulizonipa zimeiva zote kwa pamoja, nimewagawia walimu wenzangu. Asante kwa kila kitu. Ulinipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

Krismasi nzima nilikaa kwako na sikusema lolote. Tulichambua maharage pamoja, tukaenda kanisani, ukaniuliza kama nina mchumba, nikacheka. Ulijua nimetoka kwa Ezra, kwa sababu nilipofika nguo zangu zilinuka moshi wa kuchomelea, lakini hukuniuliza, nami sikukuambia. Nilimwahidi Ezra kuwa sitakuambia. Leo naivunja ahadi hiyo, na sina hakika kama nafanya vyema. Lakini nimewaona nyote wawili kwa macho yangu. Wewe umekonda. Yeye ni kama mtu aliyekwishaondoka. Kati yenu kuna mtoto mdogo anayejifunza kutembea bila baba. Mmoja lazima aseme, na mimi ndiye niliye mbali.

Nilimkuta Ezra kule Njoro, amekaa kwenye debe nyuma ya karakana ya rafiki yake. Nikamwambia, "Ezra, nimemwambia mama kwamba neno ulilijua." Hakukasirika. Akasema, "Nilijua utamwambia. Wewe ni mwalimu."

"Basi kwa nini ulidanganya?"

Akasogeza debe kivulini. Ndipo akanisimulia.

Kule Baranko, daktari alipouliza lile swali, Ezra alilielewa vizuri kabisa. Akamgeukia Elimringi, akamwambia kwa Kichagga, "Huyu mama anauliza kama utavumilia, au tukushushe. Mimi naona ushuke. Filemon atakupa mtu wa kukusindikiza."

Elimringi akasema, "Nikishuka nitamwambia mama nini? Nilimwambia kifua kinabana, akaniambia nivumilie. Akasema mbona Ezra anavumilia."

Ezra akamwambia, "Mimi sina kifua kinachobana."

Elimringi akacheka, halafu akakohoa sana. Akasema, "Mwambie naweza." Akasimama mwenyewe, bila kushikwa, ili daktari amwone. Na Ezra akageuka, akamwambia daktari kuwa anaweza.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Walipomshusha kutoka kambi ya juu, Ezra alimbeba mgongoni yeye mwenyewe na akakataa kupokezana. Anasema alisikia kifua chake kikichemka kama chungu, kisha hakukisikia tena, na hakusimama kwa sababu aliogopa kumtua.

Nikamuuliza, "Sasa sale ulilipeleka kwa kosa gani?" Akasema, "Kosa ninalo. Yeye hakuwa na pumzi, hakuwa na akili ya kuamua. Mwenye akili pale nilikuwa mimi. Ningemwambia yule daktari hapana, neno moja tu. Lakini ningemwambiaje mama kosa hilo bila kumwambia na lile lingine? Angeniuliza kwa nini Elimringi hakukubali kushuka. Nikaona heri anione mjinga wa lugha. Mjinga anasameheka."

Mama, sikukuandikia haya ili nikuumize. Kila mama wa kwetu humwambia mwanawe neno hilo, vumilia. Nami uliniambia nilipolia kwa kupangiwa kazi Songea, na ulinisaidia. Lakini sikuweza kuacha umwone Ezra mwongo aliyekutukania marehemu, wakati kwa uongo wake wote alikuwa anakufunika wewe.

Kama hutaniandikia tena, nitaelewa.

Kindness


Masama, 27 Machi 1994

Mwanangu Kindness,

Marahaba, mwanangu. Mvua zimeanza. Baridi bado haijaja, maharage na mahindi yamepatikana, hatulali njaa. Mzee Efraimu anaumwa miguu. Mtoto wa Ezra sasa anatembea, anavunja vyombo.

Barua yako niliisoma, nikaiweka chini ya Biblia. Sikuwa na hasira na wewe. Sikuwa na kitu chochote. Nililisha ng'ombe, nikaenda kwenye kikao cha akina mama, nikafungua kwa sala, nikafunga kwa sala, na sikumbuki tulizungumza nini.

Ni kweli. Asubuhi ile alikuja jikoni, nikiwa nakoroga mtori. Akasema, "Mama, safari iliyopita kifua kilinibana sana kule juu. Hii nataka niiache." Sikugeuka hata kumtazama. Nikasema, "Vumilia. Mbona mwenzako anavumilia?" Niliona aibu, kwa sababu Ezra ndiye aliyemwombea nafasi ile, na watu wangesema mtoto wa mume wangu Ebenezeri ni legelege kama marehemu baba yake. Akanywa mtori, akaondoka. Nilikuandikia kwamba alitoka hapa mzima. Tangu siku waliponiletea mwili nimekuwa nikijiambia hivyo hivyo, alitoka mzima. Na Ezra alipokuja na habari ya Kiingereza, unajua nilihisi nini kwanza? Nafuu. Nilitaka sana liwe neno la Kizungu lililomuua. Ndiyo maana nilikuuliza na kukuuliza. Nilitaka uniandikie kuwa kosa liko huko, katika lugha ya watu, mbali na jiko langu.

Wiki iliyofuata nilikata sale kwenye mpaka wa shamba, nikamwendea mzee Efraimu. Akaniambia, "Eliaichi, sijaona mkubwa akimpelekea mdogo sale." Nikamwambia sasa ataona. Miguu yake ilikuwa bado inaweza. Tukashuka Moshi, tukaulizia Njoro hadi tukaipata ile karakana.

Ezra alikuwa amelala mchana, amegeukia ukutani. Alipotuona aliinuka haraka akatafuta kiti. Hakuna kiti. Nikakaa kitandani kwake.

Nikamwambia, "Ezra, Elimringi alisema nini kule Baranko?"

Akasema, "Alisimama, mama."

"Kabla hajasimama."

"Hakusema kitu."

"Kindness ameniambia."

Akatikisa kichwa. "Kindness hakuwepo Baranko. Nilikuwepo mimi. Mama, neno lile sikulijua."

Alinitazama usoni aliposema hivyo. Tangu msiba alikuwa hajanitazama. Nikajua anadanganya, naye akajua kuwa najua, na hakuondoa macho. Mzee Efraimu alitaka kusema kitu, nikamgusa mkono anyamaze. Nikalitoa sale kwenye kanga, nikaliweka mkononi mwa Ezra. Hakulikataa. Alilishika vibaya, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Halafu akasema, "Na langu je, mama?"

Nikamwambia, "Lako nililipokea siku ile ile. Mdomo ndio uliokataa."

Huo nao ulikuwa uongo, lakini sikuwa na kingine cha kumpa.

Amerudi nyumbani. Nisikudanganye kwamba mambo yamepona. Hazungumzi. Analima mpaka jua linazama, anakula kidogo, anakaa nje. Usingizini anapiga kelele, anamwita Filemon alete kamba. Hatulizungumzii jambo lile, wala mimi wala yeye, na nadhani hatutalizungumza hadi mmoja wetu azikwe. Mlima ukifunguka asubuhi, anageuza mgongo na kulima akitazama bonde.

Juzi Pamela alikuja jikoni. Alikuwa na alama shingoni. Akasema, "Mama, si kwamba ananipiga. Ananishika akiwa usingizini, ananivuta, anadhani ananishusha. Mtoto anaogopa. Namwonea huruma, lakini nimechoka. Nifanyeje?"

Kindness, wanawake wangapi wameketi kwenye kigoda kile na kuniuliza swali hilo, na wote niliwajibu kwa neno moja? Nilifungua kinywa. Neno likafika kwenye ulimi. Pamela alikuwa ameinamisha kichwa akilingoja, kwa sababu alijua ndilo nitakalosema.

Sikulisema. Nikasukuma kuni, moto ukifuka. Mwishowe nikamwambia, "Mlete mtoto. Kuanzia leo mtalala kwangu." Akaniinulia uso kama mtu asiyenielewa, akauliza, "Na Ezra?" Nikamwambia Ezra nitazungumza naye mimi.

Bado sijazungumza naye. Sijui nitaanzaje. Lakini jana usiku mtoto alilala hadi asubuhi.

Njoo likizo ukipata nafasi.

Mama yako mdogo,
Eliaichi